Fahamu: Kuwinda kulungu kwa usalama mpakani mwa Arizona na Mexico

Katika milima ya kusini mwa Arizona, kama vile Huachuca na Chiricahua, huishi kulungu mdogo mwenye mkia mweupe, aitwaye Coues kwa heshima ya Elliott Coues, tabibu wa jeshi na mtaalamu wa ndege wa karne ya 19. Naye, kwa udogo wake na rangi yake ya kijivu, humlazimu mwindaji kukaa kilimani saa nyingi akiyakagua mabonde kwa darubini kabla hajamwona.

Mabonde hayo hayo hupitiwa na wahamiaji na wasafirishaji wa mihadarati, basi mwindaji akutanaye na watu asiowajua asiwahoji wala asiwafuate, bali ajitenge taratibu, arekodi mahali alipo, na awaarifu askari wa mpaka. Hata hivyo, kwa rai yangu, hatari iliyo kubwa zaidi ni kiu, baridi ya usiku, na kuvunjika mguu mahali ambapo simu haishiki. Kwa hiyo maji tele, simu ya setilaiti, na jamaa mjini ajuaye saa ya marejeo ni faradhi. Na mhamiaji aliyezidiwa na kiu apewe maji na kuitiwa msaada, kwani roho yake ni azizi kama ya yeyote.

Mpaka wenyewe nao una sheria zake: mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt alitenga ukanda wa futi 60 kandokando ya mpaka, na tangu 2025 sehemu zake zimekabidhiwa jeshi, hata aziingiaye bila idhini aweza kushtakiwa. Kulungu aliyejeruhiwa akivuka kuingia Mexico aachwe, maana kuingia huko na bunduki bila kibali ni jinai nzito.