To Tell the Truth

To Tell the Truth (jina ambalo kwa Kiswahili lina maana ya "Kusema Kweli") ni kipindi cha mchezo cha televisheni ya Marekani. Ndani yake watu watatu hujitambulisha kwa jina moja, na jopo la watu mashuhuri wanne hujaribu kumtambua mwenye jina hilo kwa kuwauliza maswali. Kilirushwa mara ya kwanza na kituo cha CBS tarehe 18 Desemba 1956. Kilibuniwa na Bob Stewart, ambaye pia alibuni The Price Is Right na Password. Mtayarishaji alikuwa kampuni ya Mark Goodson na Bill Todman, ambayo wakati huo tayari ilikuwa na What's My Line?, mchezo wa kubashiri kazi ya mgeni.

Namna ya kucheza

Wageni watatu husimama mbele ya kamera, na kila mmoja huulizwa jina lake. Wote hutaja jina lilelile. Kisha mwendeshaji husoma hati ya kiapo ya mhusika halisi, inayoeleza kazi yake au jambo lililompa sifa: labda ni mpanda milima, mvumbuzi, mwandishi wa vitabu au mtu aliyenusurika katika ajali. Baada ya hapo wageni huketi na maswali huanza. Kila mwanajopo hupewa muda mfupi, na muda ukiisha kengele hulia hata kama jibu halijakamilika.

Uzito wa mchezo uko katika kanuni moja: mhusika halisi amekula kiapo cha kusema kweli, lakini wawili wanaojifanya wanaruhusiwa kudanganya. Hao wawili huandaliwa mapema kwa kuelezwa habari za mhusika, ili wasikwame kwenye maswali mepesi. Kwa hiyo swali kama "Ulizaliwa wapi?" halisaidii kitu. Linalosaidia ni swali ambalo mwanajopo mwenyewe anajua jibu lake, au linalogusa undani wa kazi ambao mtu hawezi kuujifunza kwa siku moja. Hata hapo kuna mtego, kwa sababu anayeijua kazi yake vizuri anaweza kujibu "sijui" bila haya, huku anayejifanya akitoa jibu la haraka lenye kupendeza.

Maswali yakiisha, kila mwanajopo hupiga kura kwa kutaja namba moja, mbili au tatu, na kueleza kwa nini. Ndipo mwendeshaji humtaka mwenye jina hilo wa kweli asimame. Wageni huwa hawamalizi utani hapo: mmoja hujiinua kidogo kitini kisha hurudi kukaa, mwingine hufanya vivyo hivyo, na mwishowe mhusika halisi husimama. Baadaye wale wawili hutaja majina na kazi zao za kweli.

Katika toleo la kwanza la usiku, kila kura iliyokosea iliwapa wageni dola 250 za kugawana watatu, hivyo kulihadaa jopo zima kulilipa dola 1,000. Mwanajopo aliyemfahamu mgeni alitakiwa kujitoa, na kura yake ilihesabiwa kuwa imekosea. Kwa hesabu ya kubahatisha tu, kila mwanajopo ana nafasi moja kati ya tatu ya kupatia. Uwezekano wa wote wanne kukosea ni 16 kati ya 81, yaani karibu asilimia 20, na wa wote kupatia ni 1 kati ya 81.

Historia

Mwendeshaji wa kwanza alikuwa Bud Collyer, aliyedumu hadi 1968. Toleo la jioni liliisha mwaka 1967 na la mchana mwaka uliofuata. Kipindi kilirudi mwaka 1969 chini ya Garry Moore, ambaye nafasi yake ilichukuliwa na Joe Garagiola, kikasimama tena mwaka 1978. Yalifuata matoleo mafupi ya 1980–1981, 1990–1991 na 2000–2002, kisha lile la kituo cha ABC (2016–2022) lililoendeshwa na Anthony Anderson pamoja na mama yake mzazi. Wanajopo waliopendwa zaidi wa miaka ya mwanzo ni Tom Poston, Peggy Cass, Orson Bean na Kitty Carlisle.

Watazamaji wa Afrika Mashariki walikuwa mbali na hayo yote. Zanzibar ilipata televisheni miaka ya 1970, na Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994.

Kisa cha Frank Abagnale

Mwaka 1977 alifika mgeni aliyeitwa Frank Abagnale. Hati yake ilimtambulisha kama tapeli aliyeacha utapeli, ambaye ujanani alijifanya rubani, daktari, mwanasheria na mwalimu wa chuo kikuu. Jopo lilikuwa na kazi ya kumtafuta mjifanyaji mkuu kati ya wajifanyaji wadogo wawili.

Aliyesimama alikuwa kweli Frank Abagnale. Simulizi yake ndiyo iliyokuwa na walakini. Mwaka 1978 waandishi wa magazeti waliofuatilia madai hayo hawakupata ushahidi wa sehemu kubwa yake, na mwaka 2020 mwandishi Alan C. Logan alichapisha kitabu kinachoyapinga kwa kumbukumbu za serikali. Kwa mujibu wa kumbukumbu hizo, kuanzia Julai 1965 hadi Desemba 1968 Abagnale alikuwa katika gereza la Great Meadow, jimbo la New York. Hicho ndicho kipindi ambacho matukio mengi ya simulizi yake yalisemekana kutokea. Hundi bandia na sare za rubani zilikuwepo, ila si kwa ukubwa uliosimuliwa.

Kisa hiki kinaonyesha mpaka wa mchezo wenyewe. Jopo huulizwa ni nani mwenye jina, basi. Kama yaliyoandikwa kwenye hati ya kiapo yalitokea au la, hakuna anayepiga kura juu yake, na kiapo cha studio hakina mahakama nyuma yake.

Katika utamaduni

Wito wa kumtaka mtu "wa kweli" asimame uliingia katika Kiingereza cha kila siku cha Wamarekani, hasa katika utani wa kisiasa na vichwa vya habari. Mwaka 2000 msanii wa rap Eminem aliutumia katika wimbo The Real Slim Shady, na vijana wengi ambao hawakuwahi kukiona kipindi waliujua kupitia hapo.

Filamu ya Catch Me If You Can (2002) ya Steven Spielberg, inayotokana na simulizi ya Abagnale, inaanza na tukio la kipindi hiki. Picha za zamani za Joe Garagiola zimeunganishwa na za Leonardo DiCaprio, aliyeketi kwenye kiti ambacho mwaka 1977 kilikaliwa na Abagnale mwenyewe.