Rubani wa Bahari Aliyelima Rongai

"Mjomba, mwanamaji anaweza kuwa rubani?"

Ala! Swali zuri hilo. Mtoto anayeuliza hivi apewe chai na mandazi mawili. Ndiyo, mwanangu, anaweza. Tena mmoja wao aliwahi kulima huku kwetu, Rongai. Si Ongata Rongai ya karibu na Nairobi, la. Rongai yetu hii, ukitoka hapa Rhonda, Nakuru, na kushika barabara ya Eldoret.

Jina lake Tom Campbell Black. Alizaliwa mwaka 1899 huko Brighton, mji wa pwani ya Uingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, alijiunga na marubani wa jeshi la wanamaji. Alikuwa kijana mbichi kabisa.

"Lakini wanamaji wana meli! Ndege za nini?"

Za kutazama, mwanangu. Baharia akisimama kwenye sitaha haoni mbali. Rubani akiwa juu anaona ng'ambo ya mikoko, ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1915 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha katika delta ya mto Rufiji, kule Tanzania ya leo. Meli za Waingereza zilikuwa na mizinga, lakini hazikuiona. Basi marubani wa jeshi la wanamaji wakaruka kutoka kisiwa cha Mafia. Rubani mmoja, Cull, aliendesha. Mwenzake Arnold alitazama makombora yanaangukia wapi, akapeleka habari kwa simu ya upepo: sogeza kushoto, ongeza mbele. Ndege yao ikapigwa. Ikaanza kushuka. Arnold hakuacha kupeleka habari mpaka wakatua majini. Siku hiyo, Julai 11, Königsberg ikaisha. Ukienda Mombasa, ingia Fort Jesus, utaona mzinga wake mmoja.

Tom hakuwa Rufiji. Wakati ule alikuwa bado mvulana. Lakini hiyo ndiyo kazi aliyoifuata: kutazama, na kutazama tena.

Mwaka 1918 marubani wa wanamaji waliunganishwa na wale wa nchi kavu, likazaliwa jeshi la anga la Uingereza. Vita vikaisha. Tom akavua sare. Akaja Kenya, akalima Rongai pamoja na nduguye.

"Mjomba, na babu wa babu yangu naye alikuwa na shamba hapo?"

Umeuliza, nami nitakujibu wazi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeitenga ardhi ile kwa Wazungu peke yao. Mwafrika aliruhusiwa kulima shamba la Mzungu, si kulimiliki. Na kujifunza urubani? Hata hakuulizwa kama anataka. Nampenda Tom kwa ujuzi wake, lakini sitakuficha kwamba mlango uliofunguliwa kwake ulifungwa kwa babu zetu.

Sasa msikilize mtu mwingine. Anaitwa Miss Kenya. Ni ndege.

"Mimi ni wa mbao na kitambaa," anasema Miss Kenya. "Nina mabawa mawili juu na mawili chini. Ndege za aina yangu zilitengenezwa tatu tu duniani. Nilifika Mombasa mwaka 1926 kwa meli. Ndiyo, ndege nikasafiri kwa meli! Ndimi ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya. Mwaka 1928 Tom na rafiki zake wawili wakaninunua. Nikasema moyoni, huyu mkulima atanipeleka wapi?"

Alimpeleka mbali. Siku zile hapakuwa na sauti ya kumwelekeza rubani kutoka chini. Alishika dira, kisha akatazama ardhi. Reli ile pale inapanda kutoka Naivasha. Ziwa Elmenteita lile. Ziwa Nakuru hili, ukingo wake umejaa heroe. Mlima Menengai huo. Akatazama, akatazama tena, akajua yuko wapi.

Mwaka 1929 mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege Nairobi. Tom akawa rubani wake mkuu. Ndege za Wilson Airways zilibeba barua, abiria, hata wagonjwa. Umewahi kusikia Uwanja wa Ndege wa Wilson? Jina limetoka hapo.

Mwaka 1931 habari zilifika kwamba rubani mmoja amepotea Sudan, kwenye mabwawa ya mto Nile. Alikuwa Ernst Udet, Mjerumani aliyesifika sana kwa kuangusha ndege za adui katika Vita Kuu. Na adui wenyewe walikuwa kina Tom! "Basi alimwacha, Mjomba?" Hakumwacha. Aliruka, akatazama, akatazama tena, mpaka akamwona. Akamwokoa. Kisa hiki nakipenda kuliko vyote vya maisha yake, kuliko hata zawadi alizokuja kupata.

Palikuwa pia na msichana wa Njoro. Ndiyo, Njoro hii hii, unakopita mto unaoingia Ziwa Nakuru. Beryl Markham aliletwa Kenya akiwa na miaka minne. Alikulia kwenye shamba la baba yake, akicheza na kuwinda na watoto wa majirani Waafrika, na Kiswahili kilimtoka vizuri. Alipokuwa mkubwa akafunza farasi wa mashindano. Kisha akataka kuruka, na Tom akawa mwalimu wake.

Siku moja walielekea vilima vya Ngong. Beryl ameshika usukani, Tom yuko naye. Beryl akainua pua ya ndege ili wavuke kilele. Ndege haikupanda. Akaongeza nguvu za injini. Ndege ikazidi kushuka! Kilima kikakaribia, miti ikaonekana moja moja. Tom kimya. Dakika ya mwisho akachukua usukani, akaigeuza ndege, wakawa salama.

"Kwa nini ndege ilishuka na injini inanguruma?"

Hapo ndipo penye elimu. Nenda Mto Njoro ukatazame maji yanapopita juu ya jiwe kubwa. Yanapanda kidogo, kisha nyuma ya jiwe yanaporomoka. Weka jani hapo. Litavutwa chini, litake lisitake. Upepo nao ukivuka kilima huporomoka upande wa pili. Beryl alikuwa ameingia penye maporomoko ya upepo. Hayaonekani kwa macho, lakini yanavuta. Tom angeweza kumwambia mapema. Aliona heri mwanafunzi akosee yeye mwalimu akiwapo, kuliko akosee akiwa peke yake.

Mwaka 1934 yalitangazwa mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, zaidi ya kilomita 18,000. Tom na mwenzake Scott waliruka na ndege nyekundu ya injini mbili iliyoitwa Grosvenor House. Baghdad, Allahabad, Singapore, kisha bahari tupu. Hapo geji ya oili ya injini moja ikaonyesha hatari. Wakapunguza nguvu za injini hiyo, wakaendelea kwa kutegemea ile nyingine. Walifika kwa saa 71. Siku tatu kasoro saa moja! Meli ilichukua wiki nyingi. Wakashinda.

Septemba 1936 Beryl alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, akielekea upepo unakotoka. Mafuta yaliacha kufika kwenye injini, akatua kwa kishindo kwenye matope, lakini akatoka mzima. Wiki mbili baadaye, Septemba 19, Tom alikuwa Liverpool akijiandaa kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Ndege yake ilikuwa bado chini, inatembea uwanjani. Nyingine iliyokuwa inatua ikamgonga. Akafariki. Alikuwa na miaka 36.

Najua, mwanangu. Inauma. Bahari zote zile, majangwa yote yale, kisha uwanjani.

"Na sisi? Msichana wa Rhonda anaweza kuruka?"

Anaweza! Irene Koki Mutungi alianza kujifunza urubani uwanja ule ule wa Wilson. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa ndege kubwa ya Boeing 787. Hesabu na jiografia usizichezee, uje uniulize tena.

"Na Miss Kenya alikufa?"

Mwulize mwenyewe.

"Nife wapi!" anasema Miss Kenya. "Mwaka 1965 nilibebwa tumboni mwa ndege kubwa, nikarudishwa Uingereza. Nakaa Old Warden, kwenye makumbusho ya ndege. Na nani yuko nami huko? Yule mwekundu wa Melbourne! Yeye anajisifu kwa saa zake 71. Mimi namwambia, kijana, tulia. Kabla hujazaliwa, mimi nilikuwa Kenya na Tom."