Ndoa, Viza ya Matembezi na Ada za USCIS: Njia Ipi Inakugharimu Nini

Mtu ameingia Marekani kwa viza ya matembezi, B-2, kumwangalia dada yake aliyejifungua. Uwanja wa ndege alipewa miezi sita. Kabla haijaisha akapeleka fomu I-539 kuomba aongezewe muda, na jibu halijatoka. Katikati ya kusubiri, uchumba wake na raia wa Marekani umefika kwenye ndoa. Sasa jamaa wanavutana sebuleni. Mmoja anasema tulia usubiri jibu, mwingine anasema rudi Nairobi ukaombe viza ya mke ubalozini, wa tatu anasema peleka ombi la kadi ya kijani kesho asubuhi. Wote wana nia njema, ila ushauri wao unatofautiana sana kwa bei, na tofauti kubwa haimo kwenye ada.

Hata hivyo tuanze na ada za USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, kwa orodha iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2024. Ombi la kuongezewa muda ni dola 420 ukilituma mtandaoni, 470 kwa karatasi, na fedha hiyo hairudi hata ukiliondoa. Ukiomba ukaazi ukiwa ndani ya Marekani, mume analipia I-130 ya kukutambua kuwa mkewe, dola 675 kwa karatasi, na wewe unalipia I-485, dola 1,440. Hizo ni 2,115. Ukitaka kibali cha kazi wakati unasubiri, ongeza 260. Ukitaka kibali cha kusafiri, 630. Jumla imefika 3,005, na bado hujamlipa daktari aliyeidhinishwa na USCIS. Kila daktari ana bei yake, kwa hiyo piga simu kwa watatu kabla ya kuchagua, na nenda na kadi zako za chanjo usije ukalipia sindano uliyokwisha kuchomwa. Usiahirishe kipimo hicho: tangu Desemba 2024 matokeo yake lazima yaende pamoja na I-485.

Njia ya ubalozini inaonekana rahisi zaidi. I-130 mtandaoni ni 625, ada ya viza 325, mapitio ya hati za udhamini 120, na ada ya kutengenezewa kadi 235. Jumla 1,305. Kuna nauli na daktari wa Nairobi, lakini hata hivyo anayeangalia risiti peke yake ataichagua hii. Ninachomsihi ni aweke na miezi ya kuishi mbali na mwenzake, nyumba mbili za kulipia, na hatari moja ambayo haina bei.

Hatari yenyewe ni hii. I-539 iliyopelekwa kabla ya tarehe ya kwenye I-94, yaani rekodi ya kuingia inayoonyesha mwisho wa muda uliopewa, kupita inakulinda kwa namna moja tu: siku za kusubiri hazihesabiwi kuwa za kukaa kinyume cha sheria. Haikupi hadhi mpya. Ikikataliwa baada ya muda wa I-94 kwisha, hesabu inaanza siku inayofuata. Zikizidi siku 180 kisha ukaondoka nchini, unafungiwa miaka 3. Zikifika mwaka mzima, miaka 10. Marufuku hiyo inaamshwa na kuondoka kwenyewe, ndiyo maana tiketi ya kurudi nyumbani yaweza kuwa karatasi ghali kuliko zote. Chapisha I-94 yako kutoka mtandaoni, uisome tarehe kwa macho yako. Tarehe ya mwisho iliyo kwenye stika ya viza ni ya kuingilia tu, haisemi ukae mpaka lini, na watu wazima wenye elimu zao huzichanganya.

Aliyeolewa na raia, na aliyepita mbele ya ofisa akapokelewa kihalali, sheria inamruhusu kuomba ukaazi hata kama muda wake umekwisha. Kwake mimi nasema wazi: kama nyaraka zimekamilika, hana haja ya kungoja jibu la I-539. Na kama bado hajaipeleka na I-94 ina siku za kutosha, hizo dola 420 azihamishie kwenye I-485. Ombi la muda lina thamani pale kitu kinapokosekana, kwa mfano hati ya talaka ya ndoa ya kwanza ambayo bado iko mahakamani Kenya, au mapato ya mume hayajafika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini na mdhamini wa pili hajapatikana. Hapo unanunua utulivu wa kukusanya karatasi, na utulivu huo umepanda thamani: mwongozo wa USCIS wa Februari 2025 unaelekeza anayekataliwa ombi akiwa hana hadhi halali apewe hati ya kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji.

Jambo moja lisifichwe na ndugu yeyote. Kwenye I-539 ulieleza kwamba utaondoka. Kama wakati huo ndivyo ulivyokusudia na ndoa ikaja baadaye, eleza hivyo hivyo. Lakini aliyemwambia ofisa uwanjani kwamba amekuja kutembea huku akijua amekuja kuolewa na kubaki, aonane na wakili kabla ya kutuma chochote. Uongo ukithibitika marufuku yake haina mwisho, na kuomba msamaha, fomu I-601, ni dola 1,050 bila uhakika wa kukubaliwa.

Hesabu inageuka kabisa mume akiwa na kadi ya kijani bila uraia. Mke wake yuko kwenye foleni ya F2A na anatakiwa awe na hadhi halali siku anapopeleka I-485, tena nafasi iwe wazi kwenye taarifa ya viza ya mwezi huo. I-539 inayosubiri haitoshi kuwa hadhi hiyo. Hapa ubalozini huwa ndiyo njia yenyewe, na inafaa kuondoka mapema, kabla siku za ukiukaji hazijaanza kuhesabiwa. Kama mume ametimiza miaka mitano ya ukaazi, kuna njia nyingine ya kupigia hesabu kwanza: ombi lake la uraia, N-400, dola 710 mtandaoni. Akishaapishwa, mke anahama kutoka foleni ya F2A na kuingia kundi la wake wa raia, ambalo halina foleni.

Mwisho, tenga dola 750. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili siku ya kupewa ukaazi, kadi itakuwa ya masharti, ya miaka miwili, na I-751 ya kuyaondoa hupelekwa ndani ya siku 90 kabla haijaisha.