Mtu Mmoja, Familia Ngapi?

Je, wajua kwamba sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania dini yao ilifanyika mwaka 1967? Ile ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na kuwauliza mengi kuhusu nyumba na mifugo yao, lakini haikugusa suala la nani anasali wapi. Kwa hiyo ukitaka kujua Wakristo wa Kabuku, pale Handeni kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, ni akina nani, wametokea wapi na nani kamuoa nani, hakuna ofisi ya serikali yenye jibu kamili. Jibu limo kwenye kabati la parokia au la usharika, katika madaftari makubwa yenye majalada magumu. Siku hizi, kanisa likijaliwa kompyuta na karani mvumilivu, limo pia katika programu ya kutunza kumbukumbu za waumini.

Daftari lenyewe ni chombo cha kale chenye akili kuliko kinavyoonekana. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563, uliwaagiza mapadre waandike ndoa na ubatizo. Mwaka 1614 kitabu cha taratibu za ibada cha Roma kikaongeza orodha ya kila nyumba na watu wake. Hatua iliyobadilisha kila kitu ilikuja 1907, pale hati ya Papa Pius X iitwayo Ne Temere ilipodai kwamba ndoa ikifungwa, taarifa irudi kule mtu alikobatizwa na iandikwe pembeni mwa jina lake. Sheria ya Kanisa ya 1983 bado inashikilia hivyo, na inataka kipaimara na upadre viandikwe mahali hapohapo.

Chukua msichana aliyebatizwa Kasulu, akaolewa Kabuku. Paroko wa Kabuku anatuma taarifa Kasulu, na Kasulu wanaandika. Miaka kumi baadaye mtu huyohuyo akijitokeza Dodoma akitaka kufunga ndoa nyingine, ataambiwa alete cheti kipya cha ubatizo, si kile kilichokunjwa sandukuni tangu utotoni. Cheti kipya kinatoka na maandishi yote ya pembeni. Mtu anaweza kuhama mara ishirini, ila ukurasa wake hauhami.

Kabuku ilihitaji utaratibu wa namna hiyo kuliko miji mingi, kwa sababu ya mkonge. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge wa Tanganyika waliunda SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua kutoka mbali: Kigoma, Njombe, Songea. Mkataba ulimtambua kibarua kwa namba, na kipande chake, yaani kadi ya kazi, kilihesabu siku 30 za kazi. Mke aliyebaki Kigoma hakuwa na nafasi kwenye kipande, wala mtoto aliyezaliwa kambini. Mwanamume mmoja aliweza kuwa namba ofisini, mgeni kijijini kwa wenyeji Wazigua, na Yosefu kanisani. Katika sehemu hizo tatu, ni kanisani tu walikotaka kujua baba yake na mama yake ni nani.

Sasa tufungue kompyuta. Nitatumia ChurchCRM kama mfano, kwa kuwa msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuuchungulia. Inahifadhi taarifa katika majedwali, kwa mtindo uliopendekezwa na Edgar Codd mwaka 1970: kila kitu kina mstari wake, na mistari inaunganishwa kwa namba. Kuna jedwali la watu na jedwali la familia. Mstari wa mtu unabeba namba ya familia yake, pamoja na nafasi anayoishika humo: mkuu wa kaya, mwenzi, mtoto, ndugu mwingine, au asiye ndugu.

Mstari wa mtu unabeba namba ya familia moja, si mbili. Hapo ndipo Kabuku inapoanza kubishana na mashine.

Mtoto analelewa na bibi yake Kabuku, mama anafanya kazi Tanga, baba yuko Morogoro na mke mwingine. Huyu ni wa familia ipi? Ukimweka kwa bibi, mama yake anabaki mstari usio na mtoto. Ukimweka kwa mama, mwenyekiti wa jumuiya atakayechapa orodha ya nyumba za mtaa wake hatamkuta mtoto anayemuona kila Jumamosi. Kwa maoni yangu, kosa ni kuifanya familia kuwa sanduku. Udugu ungestahili jedwali lake: fulani ni mama wa fulani, fulani anaishi kwa fulani tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani. Kazi inaongezeka, lakini ukweli haupotei.

Majina nayo yana ubishi wake. Waliobuni programu hizi wamezoea nyumba ambamo baba, mama na watoto wana jina moja la mwisho. Kwetu mume ni Petro Elia, mke ni Agnesi Musa, binti yao ni Neema Petro. Majina matatu ya mwisho chini ya bati moja! Karani akipanga orodha kwa jina la mwisho, nyumba inasambaa. Wenye busara hujaza jina la mkuu wa kaya na la jumuiya mahali pa jina la familia, kisha wanaendelea na kazi.

Kinachofuata ni kuandikwa mara mbili. Mama mmoja anaingia kama Maria mwezi wa tatu na kama Mary mwezi wa tisa, na usharika unajikuta una waumini wengi kuliko viti. Dawa ya zamani ni Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa jina la Robert Russell. Inabakiza herufi ya kwanza, inatupa irabu pamoja na h, w na y, kisha inazipa konsonanti zilizobaki tarakimu kufuatana na sauti. Maria na Mary wote wanakuwa M600, vizuri kabisa. Lakini Yohana anakuwa Y500 na Johana J500, hivyo mashine inawaona watu wawili wasiofanana. Rehema na Lehema nao inawatenganisha, wakati kwa wengi wetu ni ulimi tu. Zaidi ya hapo, m na n zina tarakimu moja, kwa hiyo John na Juma wote ni J500. Ni afadhali kumuuliza mzee wa kanisa anayeijua mitaa.

Kuna jambo moja ambalo kwalo ChurchCRM inastahili sifa. Siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa vina nafasi tatu tofauti. Programu zinazolazimisha tarehe kamili ndizo zinazozaa misururu ya wazee waliozaliwa tarehe 1 Januari.

Namba ya kumtambulisha mtu je? Ya NIDA ina tarakimu 20, lakini kwa kawaida hutolewa kwa wenye miaka 18 na kuendelea, na wanaobatizwa wengi ni wachanga. Namba ya ubatizo pamoja na jina la parokia na mwaka inatosha. Hata hivyo kompyuta ya Kabuku haizungumzi na ya Kasulu. Taarifa ya ndoa inaenda bado kwa karatasi yenye muhuri, na ikipotea njiani, programu haina habari.

Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Imani ya dini ni taarifa nyeti katika sheria hiyo, za watoto vilevile, na kwa kawaida ridhaa ya maandishi inatakiwa. Daftari lililofungiwa kabatini lilisomwa na watu wachache. Faili moja inaweza kuondoka na waumini wote kwenye simu ya kijana wa kwaya. Na kama michango nayo imo humo, mwenye kuiona awe mtunza hazina, si kila anayejua nywila.

Handeni ni nchi ya Waislamu wengi, na zipo nyumba ambamo mke anasali kanisani na mume msikitini. Programu itauliza mkuu wa kaya ni nani. Jina la mume liandikwe, kwa idhini yake, kwa kuwa siku ya msiba ndiye atakayetafutwa. Dini yake haina kazi kwenye orodha hiyo, na nafasi yake iachwe wazi.