Filamu isiyo na maneno darasani

Mtoto wa Butembo au Beni huwa na Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa ubaoni. Ukimwomba asimulie jambo darasani, mara nyingi hutaja vitu tu: mtu, mti, baiskeli. Filamu inaweza kumsaidia, lakini si kwa kuitazama tu. Kinachomfunza ni kuisimulia.

Mwaka 1975 mwanaisimu Wallace Chafe, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitengenezesha filamu ya dakika sita hivi ambayo ndani yake hakuna anayesema neno. Mzee anachuma matunda mtini. Mvulana mwenye baiskeli anamwibia kikapu kimoja, anaanguka njiani, na watoto watatu wanamwinua. Watu wa lugha mbalimbali walioneshwa filamu hiyo, kisha kila mmoja akaisimulia kwa mtu aliyeambiwa kuwa hajaiona.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Mbele ya mwalimu aliyetazama pamoja naye, mtoto husema "yule alichukua ile" na anaeleweka. Kwa mwenzake aliyebaki nje, haitoshi. Itabidi aanze na "mvulana mmoja" ndipo afike kwa "yule mvulana". Ngeli nazo huingia kazini: "kilianguka" ni kikapu, "alianguka" ni mvulana. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, i- hubebeshwa karibu kila kitu, na msikilizaji atauliza: ilianguka nini, kikapu au baiskeli? Kinande kinatunza ngeli zake vizuri, kwa hiyo ningemwacha mtoto asimulie kwanza kwa Kinande, kisha kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazikubali lugha za mazingira ya mtoto darasani.

Wale ma-VJ wa Kampala, wanaofasiri filamu kwa sauti yao juu ya picha, ni mafundi kweli. Ila hapa wangemnyang'anya mtoto kazi yake.

Uchaguzi wa filamu si jambo dogo. Upande wa Beni, ambako raia wameuawa tangu 2014, darasani wamo watoto waliokimbia vijiji vyao. Filamu za bunduki zibaki nje. Wizi wa kikapu unatosha kuzua "kwa nini" na "je, alikosea?"

Simu moja inatosha. Nusu ya kundi itazame, nusu ingoje uani. Kesho wabadilishane, kwa filamu nyingine.