Ukaazi wa Canada huanzia kwenye barua ya mwajiri

Matangazo ya kazi za Canada yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hufanana kama mapacha: bendera yenye jani jekundu, mshahara wa dola kwa saa, na nambari ya simu ya kutumia "ada ya usajili". Lisilotajwa humo ni hesabu ya alama. Na ukaazi wa kudumu wa Canada kwa mfanyakazi mwenye ujuzi umekuwa suala la alama tangu 1967.

Tangu Januari 2015 maombi mengi ya aina hii hupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Express Entry. Aliye Nairobi au Dar es Salaam, ambaye hajawahi kufanya kazi Canada, kwa kawaida huingilia mlango wa Federal Skilled Worker. Hapo anatakiwa apate alama 67 kati ya 100. Lugha ina 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12. Zilizobaki 20 ni za wenye ofa ya kazi, au ndugu wa karibu huko, na mambo ya namna hiyo. Wengi wetu hatuna.

Tumchukue muuguzi wa kubuni wa Nakuru: miaka 34, hajaolewa, ana digrii moja na miaka saba wodini. Umri unampa 12, digrii 21, uzoefu 15. Jumla 48. Sasa Kiingereza. Akipata 6.0 katika kila sehemu ya mtihani wa IELTS, anaongezewa 16 na kufikia 64. Ameanguka, ingawa amehudumia wagonjwa kwa lugha hiyo kazini miaka yote. Akipanda hadi 6.5 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, na 7.5 katika kusikiliza, anafikia 68 na mlango unafunguka. Nusu alama ya insha inaweza kumweka mtu nje ya nchi nzima, na sehemu ya kuandika ndiyo inayowaliza wengi.

Kupita mlango huo ni kuingia foleni tu. Ndani yake kuna hesabu ya pili, yenye kilele cha alama 1,200, na serikali huwaita walio juu, mzunguko baada ya mzunguko. Muuguzi wetu mwenye 68 ana alama 333 kwenye hesabu hiyo. Akirudia mtihani na kupata 7.0 katika sehemu tatu na 8.0 katika kusikiliza, anaruka hadi 402, kwa sababu Kiingereza kizuri hupandisha pia thamani ya digrii na uzoefu wake. Hata hivyo, mwaka 2025 walioitwa kwa uzoefu wa kazi ndani ya Canada walikuwa na zaidi ya 500. Mkoa wa Canada ukimteua anapewa 600 papo hapo. Ofa ya kazi, iliyokuwa ikileta 50 au 200, ilifutiwa alama hizo kwenye hesabu hii ya pili Machi 2025. Anayekuuzia "ofa ya kazi ya kukuza alama" leo anakuuzia hewa.

Kifaransa ndicho kilichogeuza meza. Canada huendesha mizunguko ya wanaokijua, na Machi 2025 mmoja ulishuka hadi alama 379. Akikimudu kwa kiwango cha kati katika sehemu zote nne, muuguzi wetu anapata 62 zaidi na kufika 464. Mwenzake wa Bukavu au Bujumbura, aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, anao mtaji huu mkononi bila kuutafuta. Wa Nairobi analipia masomo ya jioni. Kwa mara hii moja, mkoloni aliyewatawala jirani zetu amewaachia kitu kinachohesabika.

Umri haungoji mtu. Kwenye hesabu ya pili, kwa asiye na mwenzi, alama huwa kamili kati ya miaka 20 na 29, kisha huanza kupungua: kutoka 34 kuingia 35 muuguzi wetu atapoteza sita, na akifika 45 hana hata moja. Kwa wanandoa, mfumo haujali nani ni kichwa cha nyumba. Anayetangulia ni mwenye alama nyingi, na huenda akawa mke. Kuna waume walioona hili gumu kulimeza, wakaomba wao kwanza na kuipotezea familia mwaka.

Nikiulizwa pa kuanzia, nasema ofisi ya rasilimali watu. Barua ya kazi inayotolewa na waajiri wengi wa kwetu ina mistari minne: fulani alikuwa mwajiriwa wetu, ana bidii na nidhamu, tunamtakia kila la heri. Canada haina haja na nidhamu yako. Inataka cheo, tarehe za kuanza na kumaliza, majukumu yaliyoorodheshwa, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu, pamoja na sahihi na mawasiliano ya msimamizi. Ukimpelekea mkuu wa ofisi orodha hiyo, atakuuliza unakwenda wapi. Aliyelipwa kwa M-Pesa na zahanati ambayo imeshafungwa ana kazi kubwa zaidi. Uzoefu usiothibitishwa na karatasi hauhesabiki, na barua hizi ni rahisi kuzipata ukiwa bado kazini, hujagombana na mtu.

Fedha nazo zina mambo yake. Mwaka 2025 mtu mmoja alitakiwa kuonyesha zaidi ya dola 15,000 za Canada, familia ya wanne zaidi ya 28,000. Ziwe benki, ziwe zake, na wastani wa salio la miezi sita uonekane. Kiwanja cha Kitengela hakihesabiwi. Mkopo wa Sacco ni deni, na deni halikubaliki. Ndugu wanaochanga ili salio livimbe wiki moja kabla ya kuomba taarifa ya benki wanajisumbua bure.

Ajenti? Si lazima, fomu zinajazwa na mwombaji mwenyewe, na ada hulipwa moja kwa moja kwa serikali. Ukimtaka mshauri wa kulipwa, awe wakili wa huko au awe kwenye orodha ya wazi ya College of Immigration and Citizenship Consultants. Hayumo, muache.

Na muuguzi asisahau kwamba ukaazi si leseni. Leseni hutolewa na mkoa, kwa uchunguzi wake na ada zake, na inaweza kuchukua muda mrefu kuliko ukaazi wenyewe. Wapo waliotuma nakala za masomo yao wakiwa bado wanashika zamu za usiku nyumbani. Walioahirisha hadi watue Toronto huanza kwa kuwaosha na kuwalisha wazee kwenye makao yao, wakisubiri chuo kilichowafundisha kijibu barua pepe.