Anayehama pikipiki ya spidi kwenda ya safari apige hesabu hizi

SOKO la pikipiki kubwa duniani limegeuka, na mgeuko huo umeanza kugusa mifuko ya wachache wanaomiliki mashine hizo hapa kwetu. Pikipiki ya spidi, ile ambayo dereva huilalia kifudifudi juu ya tanki, inapungua madukani. Inayochukua nafasi yake ni pikipiki ya safari, ndefu kwenda juu, yenye usukani mpana, masanduku ya pembeni na shokapu za kuhimili mashimo.

Ushahidi uko kwenye orodha za viwanda vyenyewe. Yamaha iliacha kuuza R6 ya barabarani Ulaya baada ya mwaka 2020, sheria ya moshi ya Euro 5 ilipokaza, na R1 ikafuata mwaka 2025. Honda iliiondoa CBR600RR katika soko hilo mwaka 2017, ikairudisha mwaka 2024. Kwa upande mwingine, BMW ya Ujerumani iliuza pikipiki 202,895 duniani mwaka 2022, na karibu tatu katika kila kumi zilikuwa za safari za aina ya R 1250 GS. Hata Ducati ya Italia, kampuni iliyojenga jina kwenye viwanja vya mashindano, mwaka huo iliuza Multistrada V4 kuliko aina nyingine yoyote iliyoitengeneza.

Miaka ya 1990 mambo yalikuwa kinyume. Honda ilitoa FireBlade mwaka 1992, Yamaha ikajibu mwaka 1998 kwa R1 yenye nguvu za farasi 150, na baada ya Suzuki kutoa Hayabusa mwaka 1999, viwanda vilikubaliana kimyakimya visivuke kilomita 299 kwa saa. Wakati huo R 80 G/S, ambayo BMW iliitoa mwaka 1980 na kushinda nayo mbio za Paris–Dakar mwaka uliofuata, ilionekana kuwa mashine ya wazee wenye ndevu. Vijana walionunua spidi siku zile sasa wana miaka hamsini na kitu, mgongo unawauma, na ndio wenye fedha.

Je, mwenye pikipiki ya spidi Dar es Salaam afanyeje?

Ndugu mmoja niliyesoma naye biashara, sasa ni wakala wa forodha, ana R6 aliyoinunua kwa shilingi milioni 15 miaka mitatu iliyopita. Jumapili moja alinipakia hadi Morogoro. Gia ya kwanza peke yake ya mashine hiyo huvuka kilomita 100 kwa saa, lakini kutoka Kibaha kwenda mbele ni vijiji vya mwendo wa 50, askari wenye tochi, na matuta. Kila tuta alilikata kwa mshazari, pole pole kama mtu anayevuka mto, na bado chuma cha chini kilikwaruza mara mbili. Tulipofika nilishuka nikiwa nimekunjamana kama barua.

Nilimwomba anionyeshe mita. Katika miaka hiyo mitatu ameiendesha kilomita 4,100 tu. Nyumbani kwao ni mkoa wa Njombe, kilomita 40 nje ya lami, na kila Desemba huenda kumwona mama yake kwa basi huku R6 ikibaki chini ya turubai. Mnunuzi wa kwanza amempa bei ya milioni tisa. Hasara ya milioni sita ukiigawa kwa kilomita 4,100 unapata takriban shilingi 1,460 kwa kila kilomita. Maana yake kilomita 190 za Morogoro zilimgharimu zaidi ya shilingi 277,000, kabla ya petroli, bima na tairi. Nauli ya basi ni kipande kidogo cha fedha hizo.

“Kaka, nikiuza tisa nimepoteza sita,” aliniambia. Nilimjibu kuwa hizo sita zimekwisha kupotea, auze asiuze. Kinachobaki kuamuliwa ni milioni tisa: zikae chini ya turubai zikiendelea kuchakaa, au zifanye kazi mahali pengine.

Hapa ndipo wengi hukosea upande wa pili. Akiisha kuuza, mtu hukimbilia pikipiki kubwa kuliko zote kwa sababu aliiona kwenye picha za wale waigizaji wawili waliotoka Uskochi hadi ncha ya kusini ya Afrika mwaka 2007, wakipita Kenya na Tanzania. R 1250 GS Adventure ina uzito wa kilo 268 na tanki la lita 30. Ikilala kwenye tope la Njombe mwezi wa Desemba, nani ataiinua? Kwenye njia hiyo hiyo bodaboda hupita na magunia ya mkaa na abiria juu yake, kwa sababu ni nyepesi na spea zake ziko kila kona.

Kwa maoni yangu, anayehama aangalie daraja la kati. Yamaha Ténéré 700 ina uzito wa kilo 204, na Marekani mwaka 2021 iliuzwa dola 9,999. Honda Africa Twin ilianzia dola 12,999 mwaka 2016, wakati R6 mpya mwaka 2017 ilikuwa dola 12,199. Tofauti ya dola 800 tu, lakini tumbo la Africa Twin liko sentimita 25 juu ya ardhi, la R6 sentimita 13. Asiogope pia kwamba atakosa nguvu. R6 hutoa nguvu zake zote injini ikizunguka zaidi ya mara 14,000 kwa dakika, mzunguko ambao kati ya tuta na tuta huufikii. Africa Twin ya 2016 hutoa mvuto wake wa juu kwenye 6,000. Atakachokosa kweli ni ule wepesi wa kulala kwenye kona. Na kiti cha Ténéré kiko sentimita 87.5 kutoka chini, hivyo mtu mfupi apande kwanza ndipo alipe.

Bei za nje, bila shaka, si bei za bandarini. Ushuru hupigwa kwenye bei ya kununulia pamoja na nauli ya meli na bima, kisha VAT ikaja juu yake. Masanduku, vyuma vya kukinga injini na taa za ziada navyo hununuliwa mbali, na muuzaji hupata faida nzuri hapo. Rafiki yangu hayo anayajua kuliko mimi.

Juzi alinipigia simu. Mnunuzi amepanda hadi milioni 9 na laki 6, anataka jibu kabla ya Jumamosi. Yeye bado anataka kumi.